Kijitabu cha Mashine Yetu

Kwa miaka minne kazi yangu kubwa katika biashara yetu ilikuwa kushika simu. Kaka yangu alitengeneza mashine za kuangua mayai, wakulima wakazinunua, kisha mimi nikakaa mezani na kuwaeleza namna ya kuzitumia, mmoja mmoja, tangu tunapofungua hadi tunapofunga.

Karakana yetu iko Makutano, Meru, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mbele kuna chumba changu chenye meza, kiti cha kuzunguka na kalenda ya kanisa. Nyuma ndiko kaka yangu hukata plaiwudi na kuunganisha nyaya akiwa na mafundi wawili. Wote humwita Fundi, na tukiwa kazini nami humwita hivyo. Yeye huniita Madam, kwa utani, kwa sababu ya kile kiti.

Mashine yenyewe ni sanduku la plaiwudi lenye mlango. Ndani kuna balbu nne za kutoa joto, feni ndogo ya kulisambaza, trei mbili za kubeba mayai sitini, na bakuli la maji chini kabisa ili hewa isikauke. Nje kuna kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha joto. Ukiitunza vizuri, siku ya ishirini na moja unapata vifaranga. Tatizo lilikuwa hayo maneno mawili, ukiitunza vizuri.

"Madam, maji niweke ya moto ama baridi?"

"Madam, stima imepotea tangu asubuhi. Nitoe mayai nirudishie kuku?"

"Madam, leo ni siku ya kumi na sita. Nifanye nini?"

Wengine walipiga Jumapili. Nimewahi kutoka kanisani katikati ya mahubiri nikasimama kando ya choo nikimweleza mtu wa Timau habari ya feni.

Kila mashine ilitoka na karatasi moja ambayo Fundi aliiandika kwa mkono mwaka wa kwanza, nasi tukawa tunaitoa kopi ya kopi hadi maandishi yakafifia. Ilikuwa na sentensi tano. Ya mwisho ilisema, "Ukipata shida piga simu." Hiyo ndiyo watu waliyoielewa.

Ndipo nikaamua tuwe na kijitabu cha maana, chenye kurasa na picha, kama cha televisheni. Nilimpa kazi hiyo jamaa mmoja mwenye duka la kompyuta mjini. Hakuja karakana. Hakuuliza swali hata moja. Baada ya siku tatu aliniletea kijitabu cha rangi, jalada lina kifaranga cha manjano kinachometameta, na mimi nikasoma ukurasa wa kwanza, nikapenda, nikaagiza vichapishwe. Hilo ni kosa langu na sijawahi kumsukumia mtu mwingine. Nilisoma ukurasa mmoja tu.

Kumbe jamaa alikuwa ametoa maelezo ya mashine ya nchi nyingine kwenye mtandao akayapitisha kwenye kompyuta yakageuka Kiswahili. Mkulima wa Nkubu alinipigia kuuliza chumba cha chini ya nyumba ni kipi, maana kijitabu kilimwambia ndicho kinachofaa, na yeye chini ya nyumba yake kuna udongo. Je, achimbe? Mwingine alitaka kujua atajuaje kama theluji imeingia ndani ya mashine. Mimi na Fundi tulicheka mpaka akaketi juu ya mbao. Tulikuwa bado hatujafika ukurasa wa sita.

Aliyefika ukurasa wa sita ni mama mmoja wa Siakago, kule chini Mbeere. Alinunua mashine yake akaibeba mwenyewe hadi nyumbani, na siku ya tatu akanipigia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Hapo ni kwa wale wa mashine?"

"Ndiyo mama, habari ya huko?"

"Mmenipikia mayai."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Pole mama, imekuwaje?"

"Nilisikia harufu ya mbao kama zinaungua. Nikatoa yai moja nikalivunja. Limeiva. Nikavunja la pili, limeiva. Yote yameiva kama ya kuuza stendi."

"Kile kitufe cha joto umekiweka ngapi?"

"Tisini na tisa na nusu. Kama mlivyoandika."

Nilifungua droo nikatoa kijitabu. Ukurasa wa sita, kwa herufi nzito: weka joto katika tisini na tisa na nusu. Ni kipimo cha Farenhaiti, cha nchi nyingine. Kwetu joto hilo hilo ni thelathini na saba na nusu, na kitufe cha Fundi kilihesabu kwa kipimo chetu, tena kilifika hadi mia moja na kumi. Yule mama alikuwa amefuata maagizo yetu neno kwa neno. Balbu ziliwaka bila kupumzika siku mbili.

"Ishirini yalikuwa yangu," akasema. "Hayo mengine ni ya wamama wa kikundi chetu cha kanisa. Kila mmoja alileta yake. Nitawaambia nini?"

 Nilisema pole, nikasema ni makosa yetu, nikasema tutalipa mayai yote na nauli. Akasema, "Mimi nilidhani ni mimi sijui kusoma." Kisha akakata simu.

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilikwenda nyuma nikamwonyesha Fundi ukurasa ule. Aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena, akaweka msumeno chini. Siku hiyo hiyo alitoa vile vitufe vyote vilivyokuwa karakana akapachika kijiti cha chuma ndani ya kila kimoja ili kisizunguke kupita arobaini. Mimi nilishinda siku mbili nikiwapigia wote waliokuwa wamepewa kijitabu kile, nikiwaomba wakitupe. Vijitabu vilivyobaki tuliwashia jiko la chai.

"Sasa nitaandika mwenyewe," Fundi akasema.

Sikumbishia. Kaka yangu ni mtu anayeweza kusikiliza feni ikizunguka akakwambia itaharibika lini. Nilimpa daftari jipya na kalamu mbili. Kila asubuhi niliona ameketi na chai, daftari magotini, akiitazama mashine kana kwamba itamwambia maneno. Baada ya wiki alinipa ukurasa. Ulisema: "Kwanza washa mashine. Halafu iangalie."

"Aangalie nini?" nikamuuliza.

"Kama iko sawa."

"Mtu atajuaje iko sawa?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si utaona tu?"

Hapo nikaelewa kwamba hawezi, na si kwa sababu hajui. Anajua mno. Mambo yote yako mikononi mwake, hayajawahi kupita kwenye mdomo. Nikamwambia kazi hii tumpe mtu wa nje.

"Mtu wa nje ndiye aliyempikia yule mama mayai."

"Yule hakuiona mashine hata kwa picha. Tutafute mtu wa kuiona."

Alirudi kwenye msumeno wake bila kunijibu, na mimi nikachukulia hiyo ni ruhusa.

Nilimpata kwa kusoma. Nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo nikingoja zamu yangu, na kwenye kaunta palikuwa na karatasi ya maelezo ya pampu ya kunyunyizia dawa. Sina pampu wala sihitaji. Lakini nilianza kuisoma nikajikuta nimefika mwisho, na nilikuwa na hakika kwamba ningepewa pampu ile wakati ule ningeifungua, ningeiosha na kuifunga bila kumuuliza mtu. Nilimuuliza mwenye duka ni nani aliyeandika. Aliwapigia waliomuuzia pampu, nao wakamwambia ni mama mmoja wa Embu, alikuwa mwalimu wa fizikia, siku hizi anaandikia biashara za watu maelezo ya aina hiyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Embu. Anakaa mtaa wa Dallas, katika nyumba yenye geti jeusi na mipapai miwili. Ni mwanamke mwembamba, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi, na bado anaongea kama aliyesimama mbele ya darasa. Nilimwita Mwalimu tangu dakika ya kwanza na hakunisahihisha. Alinipa chai na viazi vitamu, akaacha nimalize kula, ndipo akauliza.

"Nani atakisoma hicho kijitabu?"

"Wakulima."

"Wakulima ni wengi. Nitajie mmoja."

Nilimweleza habari ya yule mama wa Siakago, na ukurasa wa sita, na yale aliyosema kabla ya kukata simu. Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake.

"Basi namwandikia huyo. Akielewa yeye, wengine wataelewa."

Bei tulielewana bila shida. Alikuwa na masharti matatu. Nimletee mashine moja nyumbani, aanguie mayai mwenyewe kabla ya kuandika neno. Nisimfundishe chochote. Na akimaliza, tumpelekee yule mama asome mbele yetu. La tatu nilitaka kulikataa. Nilikuwa naona aibu kumtazama yule mama usoni. Lakini nilikubali.

Kabla ya kuchukua mashine alikuja Makutano siku mbili kumwangalia Fundi akifanya kazi. Alivaa dasti-koti ya zamani ya maabara akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mafundi wale wawili walimwogopa kama wanafunzi.

"Yai unalilaza au unalisimamisha?" aliuliza.

"Ncha inaangalia chini," Fundi akajibu bila kugeuka.

"Kwa nini?"

"Upande wa juu ndio wenye hewa. Kifaranga kinatafuta hewa juu. Hiyo kila mtu anajua."

Mwalimu aliandika. "Mayai yenye uchafu mnaosha?"

"Hapana! Ukiosha unaondoa ile ngozi ya kukinga. Kila mtu anajua."

Akaandika tena. Baadaye alinionyesha daftari. Alikuwa na ukurasa mzima wenye kichwa kilichosema "Kila mtu anajua", na chini yake mambo kumi na mawili. Niliyasoma yote. Matano kati ya hayo mimi mwenyewe, niliyekuwa nimeuza mashine hizo kwa miaka minne na kujibu simu zote hizo, sikuwa nayajua. Nilimwambia ukweli huo kwa sauti ya chini ili Fundi asisikie. Mwalimu akacheka na kusema huo ndio ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Tulimpelekea mashine Dallas. Aliiweka kwenye stoo yake, akanunua mayai thelathini ya kienyeji, na kwa wiki tatu sikumsikia. Nilipompigia siku ya ishirini na mbili, alisema ana vifaranga saba.

"Saba kati ya thelathini?" nikarudia.

"Saba. Na nimefurahi sana."

Alifika karakana kesho yake kueleza furaha hiyo. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, siku tatu za mwisho mayai hayafai kusumbuliwa wala mlango kufunguliwa, na hilo alikuwa akilijua kwa kulisoma. Lakini aliposikia mlio wa kwanza ndani ya sanduku, alifungua. Akafunga, akafungua tena kuwaita majirani. Unyevu wote ukatoka, ngozi za ndani ya mayai zikakauka, vifaranga vikakwama. "Ningeandika 'usifungue' na mtu angefungua," alisema. "Sasa najua utamu wake. Nitaandika hivi: utasikia sauti na utatamani sana kufungua. Usifungue. Chungulia kwenye kioo."

"Hakuna kioo," Fundi akasema.

"Ndiyo, nimeona."

La pili alilitoa polepole. Alifungua daftari akasoma hatua ya kuongeza maji. Kwanza fungua mlango. Toa trei ya juu, iweke mahali safi. Toa trei ya chini, iweke mahali safi. Vuta bakuli bila kuligusisha na waya. Jaza maji ya vuguvugu. Rudisha bakuli. Rudisha trei ya chini. Iliendelea hadi ukurasa ukaisha, kisha akageuza na bado kulikuwa na mistari minne.

"Fundi," akasema, "mimi sikuja kukufundisha kazi yako. Lakini hatua hii imenishinda kuiandika. Nimeijaribu mara sita. Na kila siku ninapoifanya, mayai yanapoa huku nikihangaika na trei."

 Kaka yangu hapendi kuambiwa, na aliyekuwa akimwambia ni mtu ambaye hata kushika randa hajui. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama kando ya rundo la mabati, amekunja mikono. Mwalimu alimalizia chai yake.

"Nimemuudhi," alisema.

"Mwache," nikamwambia. "Akiudhika kabisa huwa anaongea."

Hakuongea siku nzima. Siku ya pili alifika kabla ya mafundi wake. Nilipofungua chumba changu nilimkuta ametoboa tundu ubavuni mwa sanduku, amepitisha mpira mwembamba kama wa dripu ya hospitali hadi kwenye bakuli, na kwa nje ameweka kikombe cha plastiki kilichokatwa kikawa mdomo wa kumiminia. Mlangoni alikuwa amekata dirisha la ukubwa wa kiganja na kulitia kioo.

"Mpigie huyo Mwalimu wako," alisema. "Mwambie aandike sasa."

Nilimpigia. Nikamweleza. Nilimsikia akifunua daftari, kisha akasema anaandika: "Kila asubuhi mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu hapa." Ukurasa mzima na mistari minne ukawa mstari mmoja. Nilimsomea Fundi. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kazini, lakini asubuhi hiyo nilimsikia akipiga mluzi.

Mwezi mmoja baadaye tulipakia mashine mpya kwenye pikapu, tukashuka kupitia Chuka na Runyenjes, tukamchukua Mwalimu Embu, tukaelekea Siakago. Makutano tulikuwa tumeacha ukungu na mimi nimevaa sweta. Tulipofika kwa yule mama nililikuta sweta limekuwa mzigo. Alikuwa akitungojea chini ya kivuli cha ghala lake la ndengu, na pamoja naye wamama wanne wa kikundi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa hotuba ndefu. Alinishika mkono akasema, "Ni wewe wa simu? Sauti yako nilidhani ni ya mtu mnene." Wamama wakacheka, na hotuba yangu ikapotea.

Mwalimu alieleza utaratibu. Mama atapewa mashine na rasimu ya kijitabu. Sisi watatu tutakaa. Hakuna mtu wa kusaidia, hata kwa jicho.

"Kama mtihani?" mama akauliza, na uso wake ukabadilika.

"Mtihani ni wetu," Mwalimu akamjibu. "Ukikwama mahali, ujue ni sisi tumefeli. Utatuonyesha."

Mama alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa "Kila mtu anajua" Mwalimu alikuwa ameubadilisha kichwa kuwa "Mambo ambayo hakuna anayekwambia", na kila mama alipomaliza kusoma jambo moja wale wamama waliitikia, "Eeh!" Kisha akafika palipoandikwa: weka mashine ndani ya chumba chenye joto la kawaida. Aliinua sanduku pamoja na mama mmoja wakalipeleka kwenye kichumba cha mabati nyuma ya nyumba. Sisi tukawafuata. Mle ndani hewa ilikuwa kama ya jikoni. Jasho lilianza kunitoka kabla sijavuka kizingiti.

Fundi alifungua mdomo. Mwalimu akainua mkono, naye akaufunga. Nilimwona akiuma midomo kwa uchungu wa kuiona mashine yake mahali pale.

"Mama," Mwalimu akauliza taratibu, "kwa nini umechagua hapa?"

"Imesema joto la kawaida." Alituangalia mmoja mmoja. "Hili ndilo letu la kawaida."

Mwalimu alikata mstari ule na kuandika mwingine pale pale, akiwa ameegemeza daftari ukutani. Kisha akamsomea: weka mashine chumba kile ambacho wewe mwenyewe ungelala mchana bila kutoka jasho. Mama hakufikiri hata kidogo. "Basi ni chumba cha kulala cha nyumba kubwa, kile cha kuta za udongo." Wakalihamisha sanduku.

Alikwama tena mara mbili. Neno "unyevu" lilimfanya akianike kitambaa kilichokuwa juu ya mashine akidhani kimelowa, na Mwalimu akalifuta neno hilo katika kijitabu chote akaacha maji tu. Na pale palipoelekeza kumulika yai kwa tochi siku ya saba, aliuliza ataona nini. Mwalimu alikuwa ameandika "mishipa". Yule mama akasema yeye mishipa anaiona kwenye mkono wa mtu. Wakajadiliana, wamama wote wakichangia, wakakubaliana kuandika "mistari myekundu myembamba kama mizizi ya mche wa ndengu ukiung'oa." Ukienda Meru leo ukinunua mashine yetu, ndivyo kijitabu kinavyosema, na hata wakulima wa majani chai wa huku juu, wasiolima ndengu, wanaelewa.

Wamama waliijaza mashine mayai yao, tukamwachia mama pamoja na ile rasimu, tukala chapati na ndengu, tukapewa chupa ya asali. Tukirudi tulimshusha Mwalimu pale Dallas. Fundi alishuka naye kumfungulia geti, na kupitia kioo nilimsikia akimuuliza kama angeweza kuja tena mwezi ujao. "Nina sanduku la kulelea vifaranga nataka kutengeneza," alisema. "Bado sijakata mbao. Nilitaka tuanze kuandika kwanza."

Siku ya ishirini na moja ilipita, na ya ishirini na mbili asubuhi mama wa Siakago akanipigia. Hakunisalimu hata. Alikuwa ameisogeza simu kwenye sanduku ili nisikie mwenyewe. Vifaranga vilikuwa arobaini na vitatu. Wamama wa kikundi walikuwa wamejaa chumba cha kulala, alisema, na alilazimika kukaa mlangoni mwa mashine siku mbili akiwazuia kufungua.

Kijitabu kilichapishwa baada ya hapo. Kabla ya kukipeleka kwa mchapishaji nilikisoma chote, kuanzia jalada hadi jalada, mara tatu. Hakikumaliza shida zote. Bado kuna wanaokitumia kuwashia moto na wanaofungua mlango siku ya ishirini. Lakini siku moja, mchana, nilijikuta nimekaa bila kazi, nikaogopa kwamba biashara imekufa, hadi nilipokwenda nyuma nikamkuta Fundi akihangaika na oda za mashine tisa.

Jambo lililofuata lilitoka Siakago. Wako wengi huko, hasa wazee, ambao Kiswahili cha kusoma kinawachosha, na yule mama alikuwa akiwasomea kijitabu kwa Kimbeere, nyumba kwa nyumba. Mwalimu aliposikia alisema sisi tunamtumikisha bure mfanyakazi bora tuliye naye. Tukampa kazi rasmi. Alikuja Makutano mwezi uliopita kurekodi kijitabu chote kwa sauti yake, ili mteja akitaka tumtumie kwenye simu. Alifika amejifunga leso mbili na bado alitetemeka kwa baridi yetu, tukamwekea jiko la makaa miguuni.

Walikaa chumbani mwangu, yeye, Mwalimu na Fundi, mlango umefungwa ili kelele za malori zisiingie. Mimi niliachiwa kushika simu ya kurekodia. Walifika kwenye kitufe cha joto wakasimama. Mama alikuwa na neno la Kimbeere, lakini masikioni mwetu sisi Wameru lilisikika kama homa.

"Watu watafikiri mashine inaumwa," Fundi akasema.

"Watu wako, si wangu," mama akamjibu. "Wangu wataelewa vizuri sana."

Fundi alimtazama Mwalimu, akitafuta msaada. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Nani atakayesikiliza?" aliuliza.

"Wa Mbeere," Fundi akakubali.

Mama akavuta leso yake vizuri mabegani, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaniashiria niwashe tena.